FAUSTO COPPI: BINGWA WA BAISKELI ALIYEBEBWA NA WENZAKE

Wahenga walinena kwamba kidole kimoja hakivunji chawa. Methali hii tunaiandika katika insha zetu kila muhula, lakini ni wangapi kati yetu wamewahi kuipima kwa maisha ya mtu mmoja? Mpenzi msomaji, leo nataka tuipime kwa maisha ya Fausto Coppi, Mwitaliano aliyekuwa miongoni mwa waendeshaji baiskeli hodari kabisa ambao dunia imewahi kuona. Nimemchagua kwa makusudi. Huyu alisifiwa sana kwa kushinda akiwa peke yake, wapinzani wamebaki nyuma kwa dakika nyingi, barabara tupu mbele na nyuma yake. Ikiwa methali yetu inasimama hata kwa mtu wa namna hiyo, basi inasimama kwetu sote.

MVULANA WA BUCHA

Coppi alizaliwa tarehe 15 Septemba 1919 katika kijiji cha Castellania, jimbo la Piemonte, kaskazini mwa Italia. Wazazi wake, Domenico na Angiolina, walikuwa wakulima, naye alikuwa mtoto wa nne kati ya watoto watano. Alikuwa mwembamba, ana miguu mirefu kama ya korongo na kifua kilichotokeza mbele. Ukimwona akitembea ungesema huyu hawezi lolote. Ila akipanda baiskeli, jamani, alikuwa mtu mwingine kabisa!

Inasimuliwa kwamba alipokuwa mtoto aliwahi kutoroka shule ili aende kuendesha baiskeli kuukuu, na mwalimu akamwadhibu kwa kumwandikisha mara mia moja kwamba mahali pake ni darasani. Walimu wetu wasidhani ninawafundisha wenzangu utoro, la hasha! Nasimulia tu yaliyotukia.

Alipokuwa kijana wa miaka kumi na mitatu hivi alipata kazi katika bucha mjini Novi Ligure. Kazi yake ilikuwa kuwapelekea wateja nyama na soseji kwa baiskeli. Milima ya huko si mchezo. Kila siku kupanda, kila siku kushuka, mzigo nyuma. Hakujua kwamba hayo yalikuwa mazoezi. Baadaye mjomba wake aliyekuwa baharia alimtumia pesa za kununulia baiskeli nzuri ya mashindano, na hapo ndipo mambo yalipoanza.

Katika mji huohuo aliishi Biagio Cavanna, aliyewahi kuwa mwanamasumbwi, ambaye sasa alikuwa kipofu. Kazi yake ilikuwa kukanda misuli ya wanamichezo. Macho yake yalikuwa katika vidole. Alipoishika miguu ya Coppi na kusikiliza mapigo ya moyo wake, akajua kwamba hapa pana kitu. Akamfundisha namna ya kufanya mazoezi, namna ya kula na namna ya kupumzika. Akawafunza pia vijana wengine wa eneo hilo, na baadhi yao ndio waliokuja kuwa wasaidizi wa Coppi. Kumbe basi, hata kabla hajashinda chochote, tayari Coppi alikuwa amebebwa na mjomba wa baharini na kipofu wa Novi Ligure.

SIRI YA UPEPO

Kabla sijaendelea, hebu tuelewane kwanza kuhusu mchezo wenyewe, maana wengi wetu tunaijua baiskeli ya kubebea mahindi na ya kwenda posho, lakini mashindano yake hatuyajui.

Kuna mashindano makubwa kama Giro d'Italia, yanayozunguka Italia, na Tour de France, yanayozunguka Ufaransa. Huchukua muda wa wiki tatu hivi. Kila siku kuna mkondo wake, kutoka mji huu hadi mji ule, na mikondo mingi hupita kilomita 150. Saa za kila mwendeshaji hujumlishwa, na mwenye jumla ndogo kabisa ndiye kinara. Katika Tour kinara huvaa jezi ya manjano, na katika Giro huvaa ya waridi.

Sasa adui mkubwa wa mwendeshaji ni upepo. Ukienda kasi barabarani, sehemu kubwa ya nguvu zako huishia katika kuisukuma hewa iliyo mbele yako. Lakini ukijibanza nyuma ya gurudumu la mwenzako, yeye ndiye anayeipasua hewa, nawe unaokoa karibu thuluthi moja ya nguvu zako. Ndiyo maana waendeshaji hutembea makundi makubwa kama nyuki, na ndiyo maana mmoja akitoroka peke yake kwenye tambarare kundi humkamata kwa urahisi. Wao hupokezana upepo, naye hana wa kumpokea.

Kutokana na siri hiyo ndipo kazi ya timu inapozaliwa. Kila timu ina nyota wake, na waliobaki ni wasaidizi. Waitaliano huwaita gregari. Msaidizi humkinga nyota na upepo. Humletea maji na chakula. Nyota akipata pancha, msaidizi humpa gurudumu lake mwenyewe na kubaki kando ya njia akingoja lingine. Mpinzani akitoroka, wasaidizi ndio wanaomkimbiza hadi wachoke kabisa. Halafu nyota anashinda, anapigwa picha, anapewa maua. Ndiyo maana ikawa desturi ya mchezo huu kwamba mshindi huwagawia wenzake pesa za zawadi.

Kuna pia ule mfyatuko wa mwisho. Kundi zima likifika mjini pamoja, waliofika katika kundi moja huandikiwa muda uleule, lakini mshindi wa mkondo ni yule atakayevuka mstari wa kwanza. Hapo msaidizi humvuta nyota wake kwa kasi ya kufa kupona, nyota amejificha nyuma yake, na zikibaki mita kama 200 hivi nyota hujitokeza na kufyatuka kama mshale. Ukijitokeza mapema mno, upepo unakumaliza. Ukichelewa, njia imeshazibwa. Coppi hakuwa mtu wa mifyatuko ya namna hiyo. Yeye alitafuta dakika milimani na katika mbio za kushindana na saa, ambapo kila mtu huondoka peke yake. Hata hivyo, tutaona jinsi mfyatuko mmoja ulivyomliza.

MSAIDIZI ANAGEUKA BWANA

Mwaka 1940 Coppi aliingia katika timu ya Legnano. Hakuchukuliwa kuwa nyota. Alichukuliwa kumsaidia Gino Bartali, aliyezaliwa mwaka 1914, mshindi wa Giro mara mbili na wa Tour de France ya 1938. Kijana alikuwa na miaka 20 tu, na kazi yake ilikuwa kubeba chupa.

Lakini ajali haina kinga. Katika mkondo wa pili wa Giro ya mwaka huo, mbwa aliingia barabarani, na Bartali akaanguka na kuumia. Aliendelea, lakini alikuwa amepoteza muda mwingi. Siku ya mkondo wa Firenze hadi Modena, Coppi alitoroka katika milima ya Apennini, akafika peke yake na kuvikwa jezi ya waridi. Meneja wa timu, Eberardo Pavesi, akaamua kwamba sasa kijana ndiye wa kulindwa. Basi Bartali, bwana mkubwa, akageuka kuwa msaidizi wa kijana wake, akamvuta na kumhimiza milimani alipotaka kukata tamaa. Coppi akaibuka mshindi, na hadi leo hakuna aliyeshinda Giro akiwa na umri mdogo kuliko wake. Mashindano yalimalizika Milano tarehe 9 Juni 1940. Kesho yake Italia ikaingia katika Vita Vikuu vya Pili.

Vita vilimla miaka yake mizuri. Mwezi wa Novemba 1942 aliweka rekodi ya dunia ya saa moja katika uwanja wa Vigorelli, Milano, kwa kwenda zaidi ya kilomita 45 na nusu, na rekodi hiyo ikadumu hadi 1956. Muda mfupi baada ya kuiweka alipelekwa vitani Afrika ya Kaskazini, na mwaka 1943 Waingereza wakamteka nchini Tunisia. Alikaa mateka hadi karibu na mwisho wa vita, kisha akarudi nyumbani kuanza upya.

Na alianza kweli! Mwezi wa Machi 1946, akiwa sasa katika timu ya Bianchi, alishindana katika mbio za Milano hadi Sanremo, safari ya karibu kilomita 300. Alijiunga na watu waliotoroka mapema, akawaacha mmoja mmoja, na kwenye mlima wa Turchino akamwacha wa mwisho. Alifika Sanremo dakika 14 mbele ya aliyemfuata. Hebu fikiria, dakika 14! Mtu anaoga na kunywa chai kabla wa pili hajatokea.

FAHALI WAWILI

Baada ya vita Italia iligawanyika. Kulikuwa na watu wa Bartali na watu wa Coppi, kama vile kwetu kulivyo na watu wa Gor Mahia na watu wa AFC Leopards. Bartali alishinda Giro ya 1946 kwa sekunde 47 tu. Coppi akashinda ya 1947. Fahali wawili hawakai zizi moja, na hawa wawili walikuwa sasa katika timu mbili tofauti. Kulikuwa na shida moja tu. Katika mashindano ya dunia, na katika Tour de France ya siku hizo, timu zilikuwa za mataifa. Ilibidi wavae rangi moja.

Mwaka 1948 walipelekwa Valkenburg, Uholanzi, kuiwakilisha Italia katika ubingwa wa dunia. Unajua walichofanya? Walichungana! Coppi hataki kwenda kwa kuogopa Bartali atanufaika, Bartali hataki kwenda kwa kuogopa Coppi atanufaika. Wengine wakaenda zao. Mwishowe wote wawili wakaacha mbio na kurudi hotelini, na chama cha mchezo huo nchini kwao kikawafungia. Hao ndio waendeshaji wawili bora duniani, na siku hiyo hawakupata kitu. Mimi naona hili ni funzo kubwa kuliko ushindi wao wote.

Mwaka uliofuata, 1949, Coppi alikuwa katika kilele chake. Katika Giro, tarehe 10 Juni, kutoka Cuneo hadi Pinerolo kulikuwa na milima mitano mikubwa ya Alps: Maddalena, Vars, Izoard, Monginevro na Sestriere. Alitoroka kwenye wa kwanza na kwenda peke yake kilomita 192. Bartali alifika wa pili, dakika 11 na sekunde 52 nyuma yake.

Kisha ikaja Tour de France ya mwaka huohuo, na kocha wa timu ya taifa, Alfredo Binda, alikuwa na kazi ya kuwaweka fahali katika zizi moja. Katika mkondo wa tano, kuelekea Saint-Malo, Coppi aligongana na Mfaransa Jacques Marinelli wakaanguka. Baiskeli yake ikaharibika, na aliyopewa badala yake haikumfaa. Akasononeka, akataka kufunga virago na kurudi Italia. Jioni ile alikuwa nyuma ya kinara kwa zaidi ya nusu saa. Binda ndiye aliyekaa naye usiku akimbembeleza na kumwambia kwamba safari bado ni ndefu.

Walipofika Alps, Coppi na Bartali waliwaacha wote wakaenda pamoja hadi Briançon, wakipokezana upepo. Siku hiyo ilikuwa tarehe 18 Julai, siku ya kuzaliwa ya Bartali, naye alikuwa anatimiza miaka 35. Karibu na mstari Coppi hakufyatuka. Alimwachia mwenzake mkondo na jezi ya manjano. Kesho yake, kuelekea Aosta, Bartali alipatwa na pancha na kuanguka, naye Binda akamruhusu Coppi aende. Coppi akaichukua jezi, na Paris alifika akiwa mshindi kwa dakika 10 na sekunde 55 mbele ya Bartali. Alikuwa mtu wa kwanza kushinda Giro na Tour katika mwaka mmoja, na kufikia mwaka 2024 waliofanya hivyo walikuwa wanane tu. Linganisha na Valkenburg. Ni watu walewale, ila safari hii walikubali kuvutana.

NDUGU YAKE SERSE

Coppi alikuwa na mdogo wake aitwaye Serse, naye pia mwendeshaji na msaidizi wake. Serse hakuwa na kipaji cha kaka yake, lakini alikuwa mcheshi na mchangamfu, naye ndiye aliyekuwa akimchekesha Fausto anapojifungia katika huzuni zake.

Serse alikuwa na siku yake pia. Katika mbio za Paris hadi Roubaix mwaka 1949, watu watatu waliokuwa mbele walielekezwa vibaya karibu na uwanja wa mwisho, wakaingia kwa mlango usio wao. Mmoja wao, Mfaransa André Mahé, akatangazwa mshindi. Nyuma yao Serse alishinda mfyatuko wa kundi kubwa. Fausto akamshauri akate rufaa, kwa kuwa wale hawakufuata njia iliyopangwa. Mabishano yakaendelea miezi kadhaa, hadi Mahé na Serse wakatangazwa washindi wawili wa mbio moja.

Mwezi wa Juni 1951, katika Giro del Piemonte, Serse aliteleza kwenye reli za tramu mjini Torino karibu na mwisho wa mbio, akaanguka na kugonga kichwa. Aliinuka, akamaliza mbio, akarudi hotelini. Saa chache baadaye hali ikabadilika, na akafariki dunia siku hiyohiyo.

Siku chache tu baada ya mazishi, Fausto alikuwa katika Tour de France. Mwili ulikuwa pale, moyo haukuwapo. Siku ya mkondo wa Montpellier, katika joto kali, alianza kutapika na kuyumbayumba. Wenzake wa timu wangeweza kwenda zao. Walibaki naye, wakamvuta na kumpa maji, hadi akafika zaidi ya nusu saa nyuma. Siku chache baadaye alishinda mkondo wa Briançon, na mwishowe akawa wa kumi. Kumi si namba ya kujivunia kwa bingwa, lakini bila wale waliobaki asingefika Paris kabisa.

JEZI ILIYOMLIZA CARREA

Katika Tour de France ya 1952 kulitokea jambo ambalo husimuliwa kwa kicheko na kwa huruma. Msaidizi wake mwaminifu, Andrea Carrea, alijiunga na kundi lililotoroka kuelekea Lausanne, Uswisi. Alikwenda tu kama mlinzi, ili timu isipitwe. Kundi lile likafika mbele kwa muda mrefu sana, na mahesabu yalipofanywa, kumbe Carrea ndiye kinara! Alikuwa hana habari. Walipomwita kuvishwa jezi ya manjano, maskini alitokwa na machozi. Aliogopa kwamba amemvunjia heshima bwana wake, akaenda kumwomba radhi. Coppi alicheka na kumpongeza.

Kesho yake mbio zilipanda Alpe d'Huez kwa mara ya kwanza katika historia. Coppi akashinda huko juu na jezi ikahamia kwake. Mwaka huo aliwaacha wote mbali mno hata waandalizi wakaongeza zawadi ya wa pili ili wengine wasikate tamaa. Alishinda kwa dakika 28 na sekunde 17. Ni katika Tour hiyo ilipopigwa picha maarufu ya Coppi na Bartali wakipeana chupa mlimani. Hadi leo Waitaliano hubishana ni nani aliyempa mwenzake. Kwangu mimi swali hilo si kubwa. Lililo kubwa ni kwamba chupa ilipita mkono hadi mkono.

Mwaka 1953, katika Giro, Mswisi Hugo Koblet alikuwa mbele yake kwa karibu dakika mbili, na Coppi alikuwa kama amekwisha kubali. Asubuhi ya kupanda mlima Stelvio, inasimuliwa kwamba msaidizi wake Ettore Milano alimwendea Koblet kama anataka kupiga naye picha, akamshawishi avue miwani ya jua. Macho yalikuwa mekundu ya mtu asiyelala. Milano akapeleka habari. Coppi akashambulia juu ya Stelvio, zaidi ya mita 2,700 kutoka usawa wa bahari, akashinda mkondo na Giro yake ya tano. Miguu ilikuwa ya Coppi, lakini macho yalikuwa ya Milano.

MFYATUKO WA VIGORELLI

Sitaki mfikiri alikuwa malaika. Katika miaka hiyo waendeshaji wengi walitumia dawa za kuongeza nguvu, kabla hazijakatazwa, na Coppi alikiri hadharani kwamba naye alizitumia. Tena mwaka 1954 aliiacha familia yake na kuishi na Giulia Occhini, mke wa mtu, na kwa kuwa sheria ya Italia wakati huo ilihesabu jambo hilo kuwa kosa la jinai, walifikishwa mahakamani na kuhukumiwa mwaka 1955. Nchi nzima ilisema. Wengine waliokuwa wakimshangilia sasa walimzomea.

Mwezi wa Oktoba 1956, akiwa na miaka 37, alikaribia kushinda Giro di Lombardia kwa mara ya sita. Alikuwa ametoroka na kundi liko nyuma. Katika kundi hilo alikuwamo Fiorenzo Magni, rafiki na mpinzani wake. Magni mwenyewe alieleza baadaye kwamba Giulia alipita kwa gari akamfanyia ishara ya kejeli. Basi Magni akapandwa na hasira, akalivuta kundi kama mtu aliyeibiwa, hadi wakamkamata Coppi kabla ya kufika Milano. Ikawa ni mfyatuko ndani ya uwanja wa Vigorelli, uleule wa rekodi yake. Coppi alifyatuka kweli, umati ukasimama, mstari ukawa huo hapo. Lakini kando yake akatokea Mfaransa kijana, André Darrigade, fundi wa mifyatuko, akampita pembamba kabisa. Coppi alilia kama mtoto. Kejeli moja kwa mtu ambaye angeweza kukaa kimya ilitosha kumkosesha ushindi. Katika mchezo huu hata mpinzani ni wa kutunzwa, kwa sababu siku moja upepo wako uko mikononi mwake.

AFRIKA, NA SIMU AMBAYO HAIKUSIKILIZWA

Mwezi wa Desemba 1959 Coppi alialikwa pamoja na Wafaransa kadhaa, wakiwemo Jacques Anquetil na Raphaël Géminiani, kushiriki mbio za maonyesho mjini Ouagadougou, katika nchi iliyoitwa Volta ya Juu, ambayo sasa ni Burkina Faso. Anquetil alishinda, Coppi akawa wa pili. Baadaye wakaenda kuwinda. Coppi na Géminiani walilala chumba kimoja, na mbu wakawala usiku kucha.

Waliporudi Ulaya wote wawili wakashikwa na homa kali siku za mwisho wa mwaka. Sisi tunaotoka pande za ziwa na za pwani tungeshajua ni nini. Géminiani alizimia kwa siku kadhaa, lakini damu yake ilipimwa, ikagunduliwa kwamba ni malaria, ile kali kabisa, akapewa kwinini na kupona. Jamaa zake wakapiga simu Italia kuwaonya wanaomtibu Coppi kwamba ugonjwa ni malaria. Onyo hilo halikutiwa maanani. Huko waliendelea kumtibu kama mtu mwenye ugonjwa wa mapafu. Tarehe 2 Januari 1960, asubuhi, Fausto Coppi akaaga dunia katika hospitali ya Tortona. Alikuwa na miaka 40. Géminiani aliishi hadi mwaka 2024, akafa akiwa na miaka 99.

Hapo ndipo ninapoona uchungu wote wa maisha haya. Vijana wawili, chumba kimoja, mbu walewale, ugonjwa uleule. Mmoja alipimwa damu, mwingine hakupimwa. Na neno lililoweza kumwokoa lilikuwa limeshafika, limeletwa na watu wa mwenzake, kama alivyoletewa maji miaka yote.

Jambo jingine la kusikitisha ni kwamba kwa mwaka 1960 alikuwa amekubali kuendesha katika timu mpya ya San Pellegrino, na meneja wake angekuwa nani? Gino Bartali! Fahali wawili walikuwa wamekubali zizi moja, lakini mmoja hakufika.

Alizikwa kwao Castellania, na maelfu ya watu walipanda kilima kumsindikiza. Tangu mwaka 1965 sehemu ya juu kabisa inayopitiwa na Giro kila mwaka huitwa Cima Coppi, yaani kilele cha Coppi, na tangu mwaka 2019 kijiji chake huitwa Castellania Coppi.

Wanachama wenzangu, tumeipima methali, na kwangu imesimama. Tuyachukue mambo mawili kutoka kwa maisha haya. Kwanza, ukiwa wa kwanza darasani au uwanjani, wahesabu waliokukinga na upepo, kuanzia mpishi wa shule hadi yule aliyekuazima daftari, na uwagawie heshima yako. Pili, ukishikwa na homa usijipe jina la ugonjwa mwenyewe, wala usikubali kupewa bila kupimwa. Nenda zahanati upimwe damu mapema, na mwenzako akikuletea onyo, msikilize.